Jua si dereva: Kosa la ‘na’ mahali pa ‘kwa’ katika habari za baiskeli za sola

JUMAMOSI iliyopita, mwendo wa saa nne asubuhi, alinijia nyumbani Kilifi kijana niliyewahi kumfundisha isimu. Alikuja kwa baiskeli, lakini si ile tuliyoizoea, ya kubebea madumu ya maji na magunia ya nazi. Hii ilikuwa na mota kwenye gurudumu la nyuma, betri imefungwa katikati ya fremu, na tela jepesi lililobeba paneli mbili za sola. Aliiegemeza kwenye mwarobaini, kisha akaona kivuli, akaisogeza juani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hii nayo umeipata wapi?”

Akaniambia ameiunda yeye na fundi mmoja wa Mnarani. Ameshaiendesha kutoka Kilifi hadi Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na kurudi, kwa muda wa siku tatu. Kaskazi ikiingia anataka kwenda Lamu. Hata hivyo, hakuja kunionyesha baiskeli. Alikuwa na karatasi tatu zilizopigwa chapa, masimulizi ya safari yake, ambayo amealikwa kuyasoma mbele ya kundi la wanabodaboda wa Malindi. Wengi wao wanafikiria kuachana na pikipiki za petroli na kuchukua za umeme kwa mkopo.

“Nisahihishie Kiswahili tu,” akasema. “Hoja ziko sawa.”

Ndiposa leo naandika haya, kwa ruhusa yake. Nimesahihisha insha, tasnifu na miswada kwa zaidi ya miaka thelathini na bado sijaona mahali ambapo sentensi imekwenda kombo na hoja ikabaki imesimama wima.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: “Baiskeli hii inaendeshwa na jua.”

Hebu tuitazame polepole. Katika kauli ya kutendwa, ‘na’ humtanguliza mtenda, na ‘kwa’ hutanguliza kifaa au njia. Kuku amechinjwa na Juma kwa kisu. Kanzu imeshonwa na fundi kwa cherehani. Hakuna mtoto wa pwani atakayesema kuku amechinjwa na kisu, na akisema, bibi yake atamuuliza kisu kilishikwa na nani. Ukimwondoa Juma ukaweka kisu mahali pake, umemfuta mtu mzima kwa herufi mbili.

Msomaji atanipinga, na ana haki. Mbona twasema nguo zimekaushwa na jua, mnazi umeangushwa na dhoruba, jahazi limesukumwa na upepo? Ni kweli, nguvu za asili zinaweza kuwa mtenda katika Kiswahili, na hakuna sarufi inayolikataa hilo. Lakini kila kitenzi kina kazi yake. Kukausha, jua laweza. Kusukuma, upepo waweza. Kuendesha, je? Kiasili kitenzi hiki kimenyambuliwa kutoka ‘enda’, yaani kukifanya kitu kiende. Lakini kwenye vyombo vya safari, matumizi yamekipa maana pana zaidi: kushika usukani, kuchagua njia, kukwepa shimo, kujua lini pa kukaza mwendo na lini pa kutulia. Jahazi husukumwa na upepo, ila huendeshwa na nahodha. Baiskeli ya kijana huyu inaendeshwa na yeye mwenyewe, kwa miguu yake na kwa umeme wa sola.

“Lakini mwalimu,” akasema, “kila mtu anasema hivyo.”

Nikamwuliza: ulipofika Gongoni uliyaona mashamba ya chumvi? Akasema aliyaona, pande zote, meupe hadi macho yanauma. Basi pale Gongoni na Marereni maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana, yakakaa siku baada ya siku, jua na upepo vikayakausha mpaka chumvi ikabaki. Kama kuna mahali katika kaunti hii ambapo jua limeajiriwa, ni pale. Lakini nani amewahi kusema chumvi ya Gongoni inavunwa na jua? Chumvi huvunwa na watu, wamepinda migongo, sepetu mkononi. Tunajua hivyo kwa sababu watu hao ni ndugu zetu. Hatukubali ‘na’ iwafute.

Huo ndio uhakiki wangu wa kwanza wa masimulizi yale, na ulinifungulia wa pili. Mwandishi akishalifanya jua kuwa dereva, yeye mwenyewe hana tena kazi ya kufanya ndani ya hadithi yake. Katika karatasi zote tatu sikumwona akikanyaga pedali hata mara moja. Sikuona jasho, sikuona wingu. Kulikuwa na jua, barabara, tabasamu na mandhari ya Bahari ya Hindi. Nikamwuliza kwa mdomo: siku zote tatu zilikuwa hivyo?

Akacheka. Siku ya pili, wakati wa kurudi, mawingu yalitanda tangu Watamu. Alipokaribia Matsangoni betri ikazima. Baiskeli, tela, paneli, betri na maji ya kunywa, mzigo wote ule, ikabidi aukanyage kwa miguu mitupu. Kwenye vilima, hata vile vidogo ambavyo ukiwa ndani ya matatu huvihisi, alishuka akasukuma. Alilala njiani kwa jamaa yake, akaamka akangoja jua hadi saa tano.

“Na hayo mbona hukuyaandika?”

“Niliogopa watakata tamaa.”

Hapo sasa tumeondoka kwenye sarufi tumeingia kwenye fani. Masimulizi ya safari ni utanzu wa kale kwetu. Selim bin Abakari aliandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, nayo ikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari yumo humo pia, na safari zake za bara. Msomaji wa utanzu huu huja na swali moja: ungekuwa wewe, ungefikaje? Anataka kujua palipo na maji, palipo na hatari, na mtu alifanya nini chombo kilipogoma. Masimulizi yasiyo na Matsangoni hayamsaidii mtu anayetaka kuifuata njia hiyo. Yanamsaidia muuzaji peke yake.

Nisimwonee kijana wangu. Kosa hili ni la wengi, na linaonekana zaidi safari inapokuwa kubwa. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam, iliyoundwa Nairobi, ilisafiri kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, kwa siku 17. Safari hiyo iliandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, na umeme wake ulitokana na sola. Ni jambo la kujivunia, nami nilijivunia. Lakini niliposikia habari hiyo ikisimuliwa kwa Kiswahili barazani, ilikuwa imeshakuwa ‘pikipiki inayoendeshwa na jua tu’. Mzee mmoja akauliza paneli zilifungwa wapi kwenye pikipiki. Wenzake wakamwona mshamba. Mimi nilimwona mhakiki bora kuliko sote tuliokuwa pale.

Paneli hazikufungwa kwenye pikipiki. Zilibebwa na magari ya msaada yaliyofuatana nayo, zikatandazwa njiani kuchaji betri. Wala hilo si siri wala si aibu, kwani ndivyo safari ilivyopangwa na ndivyo waandalizi walivyoeleza. Aibu ni yetu sisi tuliosimulia upya, tukayaacha magari nje ya sentensi.

Ili nisionekane nazozana na neno ‘tu’ bure, twende kwenye hesabu. Wakenya tuna bahati, maana kipimo cha umeme tunakijua kwa mfuko. Tunanunua tokeni, tunapata yuniti. Yuniti moja ni kiasi cha umeme kinachotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja. Sasa, paneli zenye upana wa meta mraba moja hivi, yaani kama mbili zile za kijana wangu, hutoa takriban wati 200 jua likiwa kali. Jua la Malindi ukilijumlisha siku nzima ni kama saa tano hivi za ukali huo. Kwa hiyo siku nzuri, isiyo na wingu, hukupa karibu yuniti moja. Wala si zaidi.

Yuniti moja inafikisha wapi? Baiskeli ya umeme, mwenyewe akiwa anakanyaga, huenda kilomita 100 hivi. Pikipiki ya umeme, ambayo ni nzito, ina kasi na haina pedali, huenda kati ya kilomita 25 na 35. Basi chukua kilomita 6,000 ugawe kwa siku 17, upate zaidi ya kilomita 350 kwa siku. Zinahitajika yuniti kumi au zaidi kila siku, na paneli za meta mraba kumi au zaidi. Hiyo ni sawa na paa la kibanda. Ndiyo maana magari yalikuwapo. Mzee wa baraza aliiona hesabu hiyo kwa macho, bila kalamu.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini wasafiri wa masafa marefu duniani, wale wanaobeba paneli zao wenyewe, wengi hutumia baiskeli. Tangu mwaka 2013 kuna safari za mashindano ziitwazo The Sun Trip. Ya kwanza ilitoka Chambéry hadi Astana, Kazakhstan. Ya mwaka 2018 ilitoka Lyon hadi Guangzhou, China. Paneli hufungwa juu ya kichwa cha mwendeshaji kama turubai, au kwenye tela nyuma yake. Lakini pedali zipo, na miguu ipo. Jua huongeza nguvu kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi.

Nikiwa bado kwenye vipimo, kuna kosa jingine katika karatasi za kijana wangu, nalo limeenea hata vitabuni. Aliandika ‘kilowati kwa saa’. Ukisema kilomita 60 kwa saa, ‘kwa’ hapo ni ya kugawanya: kila saa inayopita, kilomita 60. Lakini yuniti ya umeme haipatikani kwa kugawanya. Hupatikana kwa kuzidisha, nguvu mara muda. Msomaji akikutana na ‘kilowati kwa saa’ anaielewa kama mwendo, kumbe ni kiasi, kama lita. Tuandike ‘kilowati-saa’, au, tukizungumza na watu wa kawaida, tuandike ‘yuniti’. Kwa nini tumtoroke msomaji kwa istilahi yenye kosa, ilhali yeye mwenyewe ana neno sahihi analolitumia kila anaponunua tokeni?

Kadhalika alichanganya ‘kawi’, ‘nishati’ na ‘nguvu’ kana kwamba ni vitu vitatu. Kwetu kuna Wizara ya Kawi na kwa majirani zetu Watanzania kuna Wizara ya Nishati, na hakuna ubaya katika neno lolote kati ya hayo mawili. Ubaya ni kuyatumia yote katika ukurasa mmoja, msikilizaji akadhani kuna tofauti. Nikamshauri, mbele ya wanabodaboda, aseme ‘umeme wa sola’. Hakuna atakayeuliza maana yake.

Turudi kwa jua. Katika karatasi ya pili alikuwa ameandika ‘pikipiki za jua’, akimaanisha pikipiki za umeme ambazo wenzake wanataka kuzikopa. Hapa mkosaji ni a-unganifu. Hiki ni kihusishi cha ajabu katika lugha yetu, kwani kinaunganisha kila kitu na hakisemi kimeunganisha vipi. Kikombe cha chai kinaweza kuwa na chai au kuwa kitupu. Nyumba ya mawe imejengwa kwa mawe, nyumba ya Fatuma haikujengwa kwa Fatuma. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Kwenye jambo geni, muktadha haujakuwapo bado, na msikilizaji hujijazia mwenyewe anachokitamani.

‘Pikipiki ya jua’ inaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza ni chombo kilichobeba paneli zake chenyewe. Ya pili ni chombo kisicho na paneli, ila betri yake huchajiwa kwenye kituo chenye paneli. Ya tatu ni chombo kinachochajiwa kwa umeme wa kawaida wa gridi, ambao sehemu yake imetokana na jua. Hii ya tatu si mzaha. Pale Langobaya, ndani ya Malindi yetu, kuna mitambo ya sola ya megawati 52 iliyoanza kazi Desemba 2021 na kuuza umeme kwa gridi ya taifa. Kwa hiyo mtu akichaji pikipiki mjini Malindi saa saba mchana, huenda kweli ana jua la Langobaya katika betri yake. Akichaji saa mbili usiku, jua hilo limeshalala. Umeme atakaoupata labda ni wa mvuke wa Olkaria au upepo wa Turkana. Ni umeme safi vilevile, lakini ni umeme wa kulipiwa.

Kiswahili kina njia ya kuzitenganisha maana hizi tatu, wala hatuhitaji kuitisha kongamano la istilahi. Cha kwanza ni baiskeli ‘yenye paneli’. Cha pili ni pikipiki ‘inayochajiwa kwa sola’. Cha tatu ni pikipiki ‘ya umeme’, basi. Maneno ni yale yale ya sokoni. Kinachotakiwa ni kuchagua ‘-enye’ au ‘kwa’ pale ambapo ‘ya’ inaficha.

Kwa nini nayashikilia mambo haya madogo? Kwa sababu ya kijana mwingine, jirani ya huyu mwanafunzi wangu. Ni mmoja wa kundi hilo hilo la Malindi, naye ameshachukua pikipiki ya umeme kwa mkopo wa lipa pole pole. Aliyemuuzia alimwambia kwa mdomo kwamba ni pikipiki ya sola, basi habari ya mafuta ameagana nayo. Karatasi alizotia sahihi zilikuwa za Kiingereza. Mwezi wa kwanza akagundua ana malipo mawili: deni la kila siku, na ada ya kubadilisha betri kila inapoisha, kwenye kituo kinachotumia umeme wa gridi. Inawezekana kabisa kwamba hata hivyo anaokoa pesa akilinganisha na petroli, na yeye mwenyewe hasemi ametapeliwa. Anachosema ni kwamba hakuihesabu ada ile. Alisikia ‘ya sola’, akaelewa ‘bure’. Sasa siku ya mvua, abiria wakiwa haba, analipa mawili hayo kutoka kwenye akiba ya karo ya mdogo wake.

Hakuna aliyemdanganya kwa neno la uongo. ‘Ya’ ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Na mwanafunzi wangu, bila nia mbaya, alikuwa anakwenda kuirudia mbele ya vijana ishirini au thelathini, tena akiwa na ushahidi wa baiskeli yake mlangoni, ambayo kweli ina paneli, kweli ilikwenda Gongoni. Baiskeli ya maana ya kwanza ingetumika kuuza pikipiki za maana ya tatu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi watu wa pwani ndio tuliopaswa kuwa hodari wa lugha hii. Babu zetu walisafiri masafa marefu kwa nguvu isiyolipiwa kabla ya petroli kujulikana, na msamiati waliotuachia hauna ulaghai. Walijua kaskazi huja na nani na kusi hurudi na nani. Hawakusema upepo ni bure. Walisema upepo una msimu. Wakatofautisha nahodha, rubani na baharia, kila mtu na kazi yake. Tena wakawa na neno ‘shwari’. Leo ukimwuliza mtu hali, anakujibu ‘shwari’, yaani mambo mazuri. Lakini kwa mwenye tanga katikati ya bahari, shwari ilikuwa upepo umekufa na chombo hakiendi. Bahari nzuri kwa mvuvi wa dau ilikuwa balaa kwa jahazi la safari. Wingu la Matsangoni lilikuwa shwari ya kijana wangu: wakulima walilifurahia, yeye likamlaza njiani.

Maneno hayo ya baharini hayakufa, yamepanda barabarani. ‘Usukani’ ulikuwa wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari na wa baiskeli. ‘Rubani’ aliongoza merikebu kabla ya kuongoza ndege. ‘Abiria’ anatokana na kuabiri, kusafiri kwa chombo cha majini, na leo anabebwa na bodaboda hadi Langobaya kusiko na tone la bahari. Lugha iliyoweza kuyahamisha hayo haishindwi kuihamisha pia tabia ya kumtaja kila aliyefanya kazi.

Na tusipomtaja, twajua kinachotokea. Nguzo ya Vasco da Gama iko pale Malindi, watalii huipiga picha kila siku. Alifika Aprili 1498, akapewa rubani hapa hapa, akapeperushwa na kusi hadi Calicut mwezi Mei. Watoto wetu walifundishwa miaka mingi kwamba Vasco da Gama alivuka Bahari ya Hindi. Rubani alibaki nje ya sentensi, na hana nguzo.

Kuna swali moja la kijana wangu ambalo sikuweza kulimaliza. Neno ‘pikipiki’ ni tanakali ya sauti, limetokana na mlio wa injini. ‘Tuktuk’ vilevile. Sasa chombo hiki cha umeme kinapita kimya kama paka; je, tuendelee kukiita kwa mlio kisicho nao? Mimi naona tuendelee. ‘Bodaboda’ lilizaliwa mpakani Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda, na leo mwanabodaboda wa Mambrui hana mpaka wowote anaouvuka. Jina likishapendwa husahau lilikotoka, wala halimdhuru mtu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Jina la zamani lisilolingana na kitu ni mapambo ya lugha. Kiunganishi kinachoficha nani analipa si mapambo.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Karatasi tatu zikawa nne, kwa sababu Matsangoni ilirudi ndani, na hesabu ya yuniti ikaingia. Sentensi ya kwanza aliiandika upya mwenyewe, nami sikugusa hata nukta. Naiweka hapa kama alivyoiandika:

“Niliendesha baiskeli hii kutoka Kilifi hadi Gongoni na kurudi kwa miguu yangu na kwa umeme wa paneli mbili nilizozibeba. Siku ya jua nilikwenda kama nimesukumwa. Siku ya mawingu nilisukuma mimi. Pikipiki mnazotaka kuzikopa si kama hii. Zile hazina paneli, na betri zake zinachajiwa kwa umeme wa kulipia, kwa hiyo kabla hamjatia sahihi, ulizeni ada ya betri ni kiasi gani kwa siku.”

Alinisomea mara mbili. Kisha akauliza kama haijapoteza utamu.

Nikamwambia wanabodaboda si watoto. Kila asubuhi wanapima petroli kwa shilingi na barabara kwa macho. Mtu wa namna hiyo hakatishwi tamaa na ukweli, anakatishwa tamaa na mshangao wa mwezi wa kwanza. Kama pikipiki za umeme zina faida, nami naamini zinayo, faida hiyo itastahimili ‘kwa’ na ‘-enye’. Haina haja ya kujificha nyuma ya ‘na’.

Aliagana nami, akafungua breki. Jua lilikuwa limeingia mawinguni kidogo, na nilipomtazama akipinda kona kuelekea darajani, alikuwa anakanyaga.